Kila mtu alisema ni sukari, nikiwemo mimi

Pini ndiyo iliyonizindua. Nilikuwa nimesimama mezani nakata kitambaa, binti ninayemfundisha ushonaji akaniuliza, "Mama, hiyo damu imetoka wapi?" Nikatazama sakafu. Kulikuwa na vidoa vyekundu kila nilipopita, kutoka kwenye cherehani mpaka mezani. Nikageuza unyayo wa kushoto nikaikuta pini ya kushonea imezama yote, kimebaki kichwa chake tu, kile cha plastiki ya njano. Sijui niliikanyaga saa ngapi. Wakati naichomoa, aliyepiga kelele ni yule binti. Mimi ilikuwa kama naichomoa kwenye mto wa pini.

Mimi si daktari. Ni fundi cherehani wa miaka 54, na kisukari cha aina ya pili nimeishi nacho miaka 11. Siku ile ya pini nilikuwa nimeshahangaika na miguu kwa karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo niliupoteza mwenyewe. Nasimulia nilipokosea, ili anayesoma hapa huku akijisugua vigimbi asirudie yale yale.

Ilianza na uzito. Asubuhi niliamka na miguu yangu ya kawaida. Ikifika alasiri inakuwa kama suruali ya jinzi iliyotoka kwenye maji, huwezi kuinyanyua bila kuguna. Soksi ziliacha alama ya mfereji juu ya kifundo, na ukibonyeza kwa kidole pale shimo linabaki kwa muda. Nikilala na kuweka miguu juu ya mito miwili, baada ya nusu saa napata nafuu. Nikajiambia ni umri na kazi. Fundi gani haumwi miguu?

Miezi kadhaa baadaye kikaja kitu kingine. Hiki kilianzia kwenye ncha za vidole vya miguu yote miwili, na kilipenda usiku. Mara sisimizi wanatembea chini ya ngozi, mara vijisindano, mara nyayo zinawaka moto mpaka uzito wa shuka unaniudhi. Mito haikusaidia. Kupumzika ndiko kulikokizidisha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na ndilo lililozaa mengine yote: niliyatia mambo mawili kwenye gunia moja. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Miguu inanisumbua, mizito halafu ina ganzi." Sentensi moja, pumzi moja. Sikuwahi kusema kwamba uzito unakuja jioni na kuondoka nikiinua miguu, na kwamba ganzi inakuja usiku wala haijali nimeinua nini. Mtu aliyesikia sentensi yangu alitafuta ugonjwa mmoja, kwa sababu mimi nilimpa mmoja.

Kosa la pili lilikuwa la dukani. Nilianza na vidonge vya maumivu, diklofenaki. Maumivu ya mshipa wa fahamu hayasikii sana dawa za aina hiyo, hilo sikulijua, kwa hiyo nikaongeza. Vifundo vikazidi kuvimba. Baadaye nikaelezwa kwamba kundi hilo la dawa huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na huzielemea figo, ambazo kwa mtu wa kisukari tayari zina mzigo wao. Nilikuwa nalipia uvimbe kwa fedha yangu.

Nilipoachana na diklofenaki nikahamia kwenye vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B. Muuzaji aliniambia ni vya "kulainisha mishipa". Nilimeza pakiti baada ya pakiti, wakati mwingine aina mbili kwa pamoja, kwa hoja kwamba vitamini haina madhara. Ina madhara. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ile ile unayoitibu. Na asidi ya foliki iliyokuwa ndani ya vidonge vile ilinifanyia jambo jingine, nitalieleza.

Hatimaye nikaenda kliniki. Kabla daktari hajafungua mdomo nikamsaidia: "Nina sukari, nadhani imeshuka miguuni." Akaangalia kadi yangu, akakubali. Sina kinyongo naye. Kisukari ndicho kinachoongoza kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mgonjwa mwenyewe amekaa mbele yako anakuthibitishia. Akaniandikia amitriptilini ya usiku, dozi ndogo. Moto wa nyayo ukapungua kweli, nikalala. Nilichopata pamoja nao ni kinywa kikavu na usingizi wa asubuhi ulionifanya nishone mkono wa blauzi mahali pa shingo. Lakini dawa ile hutuliza maumivu, haiukarabati mshipa. Ama sikuambiwa hilo, ama niliambiwa nikaona raha ya kulala imenitosha. Ganzi ikaendelea kupanda kimya kimya, nami nikadhani napona kwa sababu sikuumia.

Dalili zilikuwepo. Nikizikumbuka sasa naona aibu, maana kwenye kazi yangu zilikuwa wazi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kwa miaka thelathini mguu wangu umejua wenyewe kanyagio liko wapi, kama ulimi unavyojua meno. Nikaanza kulikosa. Ikabidi niiname nitazame mguu uko wapi kabla ya kuanza mshono. Kisha vidole vya mikono: kutunga uzi nilikokuwa nikifanya huku naongea na wateja kukawa kazi ya kutoa jasho, sindano inateleza katikati ya vidole kana kwamba nimevaa glavu. Nikabadilisha miwani. Ulimi ulikuwa laini, mwekundu na unawasha nikila kitu cha moto. Nikabadilisha dawa ya meno. Na usiku taa ikizimika nilikuwa nayumba, napapasa ukuta kama mlevi. Hilo nililiona ni la kuchekesha, nikawa nalisimulia.

Ndipo ikaja pini.

Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, lakini mwanangu aliposikia alinipeleka hospitali siku ile ile, na alifanya vizuri. Mguu usiohisi, kwa mtu wa kisukari, haungojewi. Pale nikakutana na daktari kijana ambaye, baada ya kusafisha kidonda, alivuta kiti akakaa. Akaniambia, "Mama, nisimulie kuhusu miguu, ila usiniambie ni nini. Niambie inafanyaje."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akauliza inaanza saa ngapi. Inaanzia wapi na imefika wapi. Ni mguu mmoja au yote. Nikitembea inaongezeka au inapungua? Nikisimama je? Nikiinama? Nikiinua? Mikono ikoje? Nikifumba macho bafuni wakati wa kuosha uso nayumba? Nililowesha kitambaa kwa machozi kwenye swali hilo, maana nilikuwa nayumba, na nilikuwa nimeanza kunawa nikiwa nimeegemea ukuta.

Kisha akataka kuona dawa zote. Si zile za kliniki tu, zote. Mwanangu akazifuata nyumbani, akarudi na mfuko. Kulikuwa na metformini, dawa yangu ya sukari, miligramu 2,000 kwa siku, kwa miaka 11. Kulikuwa na omeprazoli niliyokuwa nainunua mwenyewe kwa ajili ya kiungulia, mwaka wa tatu bila kupumzika. Pakiti za vitamini B. Mabaki ya diklofenaki. Akazipanga mezani kama karata, akaitazama metformini na omeprazoli kwa muda, kisha akatazama kipimo changu cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Kilikuwa asilimia 6.8.

"Sukari yako unaitunza vizuri," akasema. "Na mikono imeanza mapema mno. Ganzi ya sukari kwa kawaida hupanda miguuni kwanza, ikikaribia magoti ndiyo mikono huanza. Yako haikusubiri. Nataka kumtafuta mkosaji mwingine."

Vipimo vyake vya kwanza havikuhitaji mashine. Alikuwa na kiuzi cha nailoni kilichoshikizwa kwenye kijiti, kimetengenezwa ili kipinde kikikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Alinigusa nacho nyayo nikiwa nimefumba macho, niseme "ndiyo" kila nikisikia. Nyayo ya kushoto sikusema chochote kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ameondoka. Fundi cherehani kushindwa na uzi! Akaweka uma wa chuma unaotetema kwenye kidole gumba. Nikasikia ubaridi wa chuma, mtetemo sikuusikia. Akakishika kidole akakipandisha na kukishusha, niseme kimeelekea wapi. Nilikuwa nakisia. Mwisho akanisimamisha miguu pamoja, akasema nifumbe macho. Nikaanza kuanguka, akanidaka.

Akanieleza kwamba mwili una mawasiliano ya mahali viungo vilipo, na kwangu yalikuwa yamekatika. Macho ndiyo yaliyokuwa yakinisimamisha. Taa ikizimika, sina kitu.

Aliyemshuku ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii huhitajika kutunza ala inayoufunika mshipa wa fahamu, kama ganda la plastiki kwenye waya wa umeme. Huipati kwenye mimea. Hutoka kwenye vyakula vya wanyama. Tumboni, asidi huiachanisha na chakula, kisha inafyonzwa mwisho kabisa wa utumbo mwembamba. Omeprazoli ilikuwa imepunguza ile asidi. Metformini inazuia ufyonzaji. Nilikuwa nafunga milango miwili kila siku, asubuhi na jioni. Ini lina akiba inayoweza kumvusha mtu miaka kadhaa, ndiyo maana haikunipata mwaka wa kwanza wala wa pili. Hatari hukua kadiri dozi ya metformini inavyokuwa kubwa na miaka inavyozidi. Mwaka 2022 mamlaka inayosimamia dawa Uingereza ilitoa tahadhari rasmi kwamba kushuka kwa B12 kwa watumiaji wa metformini ni jambo la kawaida, linaweza kumpata mpaka mtu 1 kati ya 10, na kwamba mwenye dalili apimwe. Mimi nilikuwa na dalili zote, na kila mmoja wetu alikuwa na jibu tayari.

Sasa vile vidonge vya mchanganyiko. Damu ilipopimwa, B12 ilitoka pikogramu 241 kwa mililita. Chini ya 200 ni upungufu dhahiri; kati ya 200 na 300 ni ukungu, huwezi kuapa. Kiasi kidogo cha B12 kilichokuwa ndani ya pakiti zangu kilikuwa kimeipandisha namba bila kuutibu mshipa. Na chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwenye upungufu huu mara nyingi huwa kubwa kupita kawaida, zangu zilionekana sawasawa, maana asidi ya foliki inaweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuoza. Yaani nilikuwa nimeipaka rangi nyufa ya nyumba. Ikabidi kipimo kingine cha ziada, cha asidi ya methilmaloniki, ambayo hupanda B12 inapokosekana ndani ya seli. Hakikufanyika pale, sampuli ilisafirishwa. Nililipia zaidi ya vipimo vyote vingine kwa pamoja, na nikasubiri wiki tatu. Kikarudi kiko juu.

Kwa hiyo hili nalisema kwa sauti: ukiwa na ganzi, toa damu kwanza, vitamini baadaye. Na kama umeshaanza kumeza, usimfiche daktari kwa kuogopa kusemwa.

Pia tezi ya shingo, figo na chumvichumvi za damu vilipimwa siku ile ile. Tezi ikizubaa huleta miguu mizito na ganzi. Potasiamu ikishuka, mara nyingi kwa wanaotumia dawa za kukojoza, misuli hulegea kama mkate uliolowa. Vyangu vilikuwa vizuri. Daktari alisisitiza avipime hata baada ya kumpata mshukiwa wake, na nilimpenda kwa hilo.

Nikaanza sindano za haidroksokobalamini, miligramu 1, siku moja sindano, siku moja pumziko. Dawa yenyewe ni nyekundu kama sharubati. Nilitegemea muujiza. Wiki ya pili vijisindano vya miguuni vikaongezeka, vikawa vikali kuliko vilivyowahi kuwa. Nikakata tamaa nikaruka sindano mbili bila kumwambia mtu. Muuguzi akanipigia simu: "Mama, mbona hatukuoni?" Nikamwambia dawa imenikataa. Akacheka kwa upole, akasema wengine hupitia hivyo mwanzoni, njoo kesho. Nikaenda. Laiti asingepiga ile simu, sijui.

Mikono ndiyo iliyotangulia kurudi. Mwezi wa tatu nilitunga uzi mara ya kwanza nilipojaribu, nikautoa, nikautunga tena, nikautoa, mpaka binti akaniuliza kama niko salama. Ulimi ulikuwa umepona zamani. Miguu ilikuja polepole. Daktari alisema mshipa unaoota upya husogea kama milimita 1 kwa siku. Nikachukua futi yangu nikapima kutoka kiunoni mpaka kidole gumba. Sikufurahia nilichokiona, lakini angalau nikajua kwa nini nasubiri. Uharibifu uliokaa muda mrefu haurudi wote. Dawa ya metformini sikuachishwa, bado inanifaa kwa sukari. Omeprazoli nilipunguziwa taratibu mpaka nikaiacha. Sindano sasa ni kila baada ya miezi miwili. Niliuliza kuhusu vidonge, nikaambiwa vya dozi kubwa ya mikrogramu 1,000 au zaidi kwa siku huwafaa wengi, ila kwa mishipa iliyokwisha kuguswa aliona tuanze na sindano.

Na hapo ndipo lile gunia lilipofunguka. Ganzi ilipungua, lakini jioni miguu ikabaki jinzi iliyolowa. Nikarudi nikiwa na hasira: mbona sindano hazifanyi kazi? Daktari akaniuliza, "Huo uzito ukiinua miguu unaondoka?" Ndiyo. "Basi huo si wa B12. Huo ni mwingine." Miaka miwili nilikuwa na kesi mbili, nikafungua faili moja.

Vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zina vali ndogondogo zinazozuia damu isirudi chini, na misuli ya vigimbi ndiyo pampu yake. Vali zikilegea, damu inatuama, jioni miguu inavimba na kuelemea. Ultrasaundi ilifanywa nikiwa nimesimama. Katikati ya kipimo, mpimaji alinikamua kigimbi kisha akaachia, tukaiona damu kwenye skrini ikirudi chini na kuendelea kurudi. Hainiumi, hainiui, ila ndiyo iliyokuwa ikinichosha. Dawa yake kwangu ni soksi za kubana.

Soksi hizi zina mambo yake, na kwa ufundi wangu nilidhani nitaziweza kwa urahisi. Nilijipima mwenyewe mzunguko wa kifundo na kigimbi, jioni, baada ya kazi. Miguu iliyovimba! Soksi zikaja pana, zikawa zinateremka. Pima asubuhi, mara tu ukiamka, na zivae kabla hujateremka kitandani, damu haijashuka. Zisikunjwe juu zikafanya pete. Mimi natumia zenye mgandamizo wa milimita 15 hadi 20 za zebaki. Lakini kabla hujanunua, na hapa sitanii, mishipa inayopeleka damu miguuni ichunguzwe. Wanapima presha ya mkono na ya kifundo, kisha wanagawanya ya kifundo kwa ya mkono. Yangu ilitoka 1.08. Ikiwa 0.90 au chini, ateri zimeziba kwa kiasi, na kuubana mguu wa namna hiyo ni kuunyima hata kidogo ulichonacho. Ikizidi 1.40, kwa wenye kisukari hasa, huwa ateri zimekakamaa na namba inadanganya, kinatakiwa kipimo kingine. Na kwa kuwa nyayo zangu hazisikii vizuri, soksi ikinikata siwezi kujua. Nazivua mchana mara moja natazama ngozi.

Kwenye benchi la kusubiria nilijifunza karibu sawa na chumbani kwa daktari. Mzee mmoja, mvutaji wa sigara wa siku nyingi, vigimbi vyake vilimkaba kila akitembea umbali ule ule. Akisimama dakika chache vinaachia, anaendelea. Hizo ni ateri. Mama mwingine alisikia karibu hayo hayo, miguu inakufa akitembea, lakini kwake kusimama tu hakukusaidia, mpaka akae au ainame. Akisukuma kigari akiwa ameinamia mbele anafika mbali, akinyooka anakwama. Tatizo lake lilikuwa kiunoni, mfereji wa uti wa mgongo umebana. Yule mzee angepelekwa kwa wataalamu wa mgongo na yule mama kwa wa moyo, wangezunguka mwaka mzima. Tofauti yao ilikuwa kwenye swali moja: ukiacha kutembea, unapumzikaje?

Yapo pia yasiyosubiri benchi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, huenda ni damu iliyoganda kwenye vena ya ndani, na ukianza kubanwa pumzi hapo ni kukimbia, si kutembea. Ganzi inayopanda kwa siku chache tu kutoka miguuni kwenda mapajani pamoja na miguu kulegea. Ganzi ya sehemu za siri na unakokalia, huku mkojo umegoma au unatoka wenyewe. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au mdomo kupinda. Mguu uliogeuka baridi na kupauka kwa mara moja. Kwa haya usimpigie simu shangazi kuuliza alitumia nini.

Ungedhani baada ya yote hayo nimekuwa mnyenyekevu. Mwaka jana mdogo wangu alianza kulalamika: usiku miguu haitulii, kama kuna kitu kinatambaa ndani ya mifupa, lazima aamke azunguke chumbani ndipo itulie, akirudi kitandani inaanza upya. Mume wake amehamia kochi kwa kupigwa mateke. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Hiyo ni B12, dada yako nimeipitia." Nikamwandikia hata jina la sindano. Akaenda akapimwa, B12 yake safi kabisa. Iliyokuwa imeisha ni akiba ya madini ya chuma: feritini 14, na kwa tatizo hilo la miguu isiyotulia daktari wake alitaka isiwe chini ya 75. Chai na kahawa za jioni zilikuwa zinamzidishia, na vilevile dawa ya mafua iliyokuwa ikimpa usingizi. Akatibiwa, mume akarudi chumbani. Kila tukikutana ananiita "daktari bingwa", na sina cha kujibu.

Siku hizi nikienda kliniki nabeba karatasi moja. Upande mmoja nimeandika dawa zote, na za dukani zimo. Upande wa pili nina mistari: saa ngapi, wapi, nini kinazidisha, nini kinapunguza. Uzito una mistari yake, ganzi ina yake, sizichanganyi tena. Na neno "sukari" silitaji mpaka niulizwe, ingawa kadi yangu wanayo.

Nyumbani sitembei peku, hata usiku kwenda msalani. Viatu navikung'uta kabla ya kuvaa, natia na mkono ndani kupapasa. Maji napima kwa kiwiko. Nyayo nazitazama kila usiku kwa kioo kidogo nilichokuwa nikiwapa wateja wajitazame mgongo. Kidole gumba cha kushoto bado hakijarudi, na daktari hajaniahidi kwamba kitarudi. Kanyagio ninalipata bila kuinama.

Na pale kwenye cherehani nimefunga sumaku kwenye kamba. Kabla ya kufunga kazi naipitisha sakafuni pole pole, kuanzia ukutani mpaka mlangoni, taa zote zikiwaka. Jana ilitoka na pini nne, moja ina kichwa cha njano.